Ustahimilivu wa jamii dhidi ya maafa: unapimwaje, na kipimo kinaficha nini

Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha kuanzia Kisarawe hadi Pugu, wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia Barabara ya Morogoro huamka na swali moja la kuulizana kabla ya kutoka nyumbani: Jangwani panapitika? Mto Msimbazi hukusanya maji ya vilima hivyo, hupita Vingunguti na Kigogo ukipokea maji ya mitaro na ya mapaa ya mabati, kisha hutanuka Jangwani kabla ya kumwaga baharini penye Daraja la Salenda. Kwa abiria wa mabasi ya mwendokasi, mto ukifurika ni foleni na saa kadhaa za usumbufu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja bondeni, maji yale yale ni godoro lililolowa, unga ulioharibika ndani ya ndoo na mtaji wa biashara uliosombwa pamoja na jiko. Na hata miongoni mwa wapangaji wa nyumba moja, majuma mawili baadaye utamkuta mmoja amekwisha fungua genge lake upya, ilhali jirani yake wa mlango wa pili bado analala kwa shangazi na hajui ataanzia wapi.

Tofauti kati ya wapangaji hao wawili ndiyo kiini cha kile kinachoitwa ustahimilivu, neno ambalo siku hizi halikosekani katika mpango wowote wa maendeleo na ambalo, kwa sababu hiyo hiyo, limeanza kupoteza makali yake. Ili lirudi kuwa na maana, ni lazima kwanza kutenganisha mambo yanayochanganywa. Janga la asili ni tukio lenyewe: mvua kubwa, tetemeko, kimbunga, ukame. Maafa ni kinachotokea janga hilo linapowakuta watu waliojenga mahali pabaya, wasiopata taarifa mapema au wasio na pa kushika. Mvua ya kiasi kile kile inaweza kuwa habari ya kawaida Oysterbay na msiba Kigogo. Ustahimilivu ni uwezo wa watu, kaya na taasisi zao kupokea pigo hilo bila kuvunjika, kuendelea na yaliyo ya lazima wakati pigo likiendelea, na kuinuka upesi bila kujitengenezea udhaifu mpya.

Sehemu hiyo ya mwisho ya maana ina ubishi wake. Mwanaikolojia wa Kanada C. S. Holling, aliyeliingiza neno hili katika taaluma yake mwaka 1973, alikuwa akizungumzia mifumo ya viumbe na jinsi inavyomeza misukosuko bila kugeuka kuwa kitu kingine. Wahandisi walilitumia kwa maana nyembamba zaidi, yaani kurudi mahali pa awali. Kwa daraja, maana hiyo inatosha. Kwa binadamu haitoshi, kwa kuwa aliyerudi katika chumba kile kile, kwenye ukingo ule ule wa mto, akiwa na deni jipya juu ya lile la zamani, kwa hesabu ya kihandisi amerejea katika hali yake, lakini kwa hesabu ya maisha anasubiri tu masika yajayo yamkute akiwa dhaifu zaidi.

Hata hivyo tuanze na maana hiyo nyembamba, kwa sababu ndiyo inayopimika kwa urahisi. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa matetemeko ya ardhi, likiongozwa na Michel Bruneau, lilipendekeza kuchora mstari unaoonyesha jinsi huduma inavyofanya kazi kadiri siku zinavyokwenda. Kabla ya pigo, mstari uko juu, kwenye asilimia 100. Pigo linapotokea unaporomoka ghafla, kisha unapanda taratibu hadi huduma irejee. Nafasi iliyo kati ya pale mstari ulipopaswa kuwa na pale ulipokuwa hufanana na pembetatu, na kadiri pembetatu hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo ustahimilivu unavyokuwa mkubwa. Barabara pale Jangwani inaweza kuchorwa hivyo bila taabu: imefungwa saa ngapi, imefunguliwa saa ngapi, na mabasi mangapi yameahirisha safari. Unaweza kuipunguza pembetatu kwa kuzuia mstari usianguke sana, yaani kwa kuinua daraja, au kwa kuuharakisha kupanda, yaani kwa kuwa na greda na wafanyakazi walio tayari kuondoa tope.

Bruneau na wenzake walitaja sifa nne zinazoamua umbo la pembetatu hiyo: uimara, kuwa na njia mbadala, uwezo wa kukusanya na kuelekeza nguvu zilizopo, na kasi. Ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, labda kwa sababu siku ya jua njia mbadala huonekana kama ubadhirifu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mvua zilizoandamana nacho, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Daraja lililovunjika lilikuwa dogo tu ukililinganisha na mikoa miwili iliyolitegemea, na aliyetaka kulikwepa alipaswa kuzunguka kwa kupitia Songea. Ukipima ubora wa lami kwa kilomita, barabara ile ilikuwa nzuri. Udhaifu wake ulikuwa katika kukosa mwenzake.

Mambo yanakuwa magumu pale tunapotoka kwenye daraja na kuingia katika kaya. Mstari wa kaya uchorwe kwa kipimo gani? Jibu la harakaharaka ni thamani ya mali iliyoharibika, na ndivyo taarifa nyingi za maafa zinavyofanya: nyumba kadhaa, ekari kadhaa, shilingi kadhaa. Tuseme basi kuna mama lishe aliyepoteza masufuria, meza na gunia la mchele, vyote vikiwa na thamani ya shilingi laki mbili, na kuna mfanyabiashara ambaye gari lake la milioni 20 limezama. Kwa hesabu ya mali, hasara ya pili ni mara mia ya ile ya kwanza. Lakini gari lina bima na mwenye gari ana mshahara wa mke wake, ilhali laki mbili zile zilikuwa mtaji mzima, na zilipozama zilizama na chakula cha jioni, ada ya mtoto na marejesho ya mkopo wa Ijumaa. Atakayelala njaa kati yao anajulikana, ila jedwali la hasara halimwoni.

Si suala la huruma tu. Lina tarakimu zake. Mwaka 2017 wachumi wa Benki ya Dunia walijaribu kupima hasara ya maafa kwa kuangalia ustawi, siyo mali peke yake, wakizingatia kwamba shilingi moja inayomtoka maskini ina uzito kuliko ile inayomtoka tajiri. Walikuta kwamba kwa hesabu hiyo maafa ya asili huigharimu dunia sawa na dola bilioni 520 kwa mwaka, kiasi kinachozidi kwa asilimia 60 makadirio ya hasara ya mali, na kwamba husukuma takriban watu milioni 26 katika umaskini kila mwaka. Dar es Salaam nayo ilifanyiwa uchunguzi baada ya mafuriko ya Aprili 2018, na makadirio ya hasara yaliwekwa kati ya asilimia 2 na 4 ya pato la jiji. Mtu akiisoma asilimia hiyo kwa haraka anaweza kuiona ndogo. Lakini pigo halikugawanywa kwa jiji zima, lilitua mabondeni.

Pembetatu, pamoja na uzuri wake, ina kasoro nyingine: haichoreki mpaka pigo litokee. Meya au mkurugenzi wa halmashauri anataka kujua leo ni mtaa upi udhaifu wake ni mkubwa, asingoje maji yamfundishe. Hapo ndipo faharasa za viashiria zinapoingia, yaani alama moja inayojumlisha takwimu nyingi za mahali. Inayotajwa sana ni ile ya Susan Cutter na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina, ambayo katika toleo lake la mwaka 2014 ilitumia viashiria 49 kuzipa alama kaunti za Marekani, ikivipanga katika mafungu sita: ya kijamii, kiuchumi, kitaasisi, ya makazi na miundombinu, ya mshikamano wa jamii na ya mazingira. Takwimu za sensa na za taasisi za umma huchukuliwa, hubadilishwa ziwe kati ya 0 na 1, hupatiwa wastani ndani ya kila fungu, na mafungu hujumlishwa.

Kiashiria kimoja katika faharasa hiyo kinafundisha mengi: asilimia ya kaya zenye gari. Mmarekani ana sababu nzuri ya kukiweka. Kimbunga Katrina kilipoikaribia New Orleans mwaka 2005, agizo la kuhama lilitolewa, na waliobaki nyuma walikuwa kwa sehemu kubwa wasio na usafiri wao wenyewe. Gari kule ni njia ya kuokoka. Ukikichukua kiashiria hicho kilivyo na kukipeleka Kigogo, hakikuelezi lolote, kwa kuwa anayekimbia maji pale hukimbia kwa miguu kwenda mwinuko ulio karibu, mtoto mgongoni na nyaraka ndani ya mfuko wa nailoni. Cha kuhesabu pale ni kingine: uchochoro una upana gani, ngazi zinapitika zikilowa, kuna nani wa kumbeba bibi asiyeweza kutembea. Hayo hayamo katika sensa. Ndiyo maana nina shaka na kila faharasa inayosafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kubadilisha jina la nchi tu.

Wastani nao una hila yake. Chukua ngalawa iliyojengwa kwa mbao safi mwanzo hadi mwisho, isipokuwa tundu moja chini ya maji. Wastani wa ubora wa mbao zake utakuwa wa kupendeza. Mtaa wenye zahanati, shule, umeme na kaya zenye kipato cha kuridhisha, lakini wenye mtaro mmoja tu uliozibwa na takataka, utapata alama nzuri katika jedwali na utazama Aprili. Isitoshe, viashiria vya aina hii ni dalili za ustahimilivu, sio ustahimilivu wenyewe. Tunadhani elimu humsaidia mtu kuinuka, kwa hiyo tunahesabu miaka ya shule. Mwaka 2017 watafiti walizilinganisha faharasa tano za Marekani na vifo na hasara zilizotokea kweli katika majimbo ya kusini-mashariki, na majibu hayakulingana: iliyobashiri jambo moja vizuri ilikosea jingine.

Njia iliyo kati ya faharasa ya mbali na pembetatu inayongoja pigo ni kupima pamoja na wanajamii, kisha kupima tena baada ya tukio. Muungano unaofadhiliwa na wakfu wa kampuni ya bima ya Zurich umekuwa ukifanya hivyo katika jamii zinazokumbwa na mafuriko, kwa kuangalia vyanzo 44 vya ustahimilivu vilivyopangwa katika aina tano za mtaji: watu, mahusiano, miundombinu, mazingira na fedha. Kila chanzo hupewa daraja kuanzia A hadi D baada ya mazungumzo, madodoso na mikutano. Kazi hiyo ni ya polepole na ghali, na daraja la mkadiriaji mmoja laweza kutofautiana na la mwenzake, lakini ina faida moja ambayo faharasa hazina: mafuriko yakija, mnarudi kwenye daraja mlilotoa na kuuliza kama lilisema kweli.

Kati ya mitaji hiyo mitano, ule wa mahusiano ndio unaosifiwa kuliko unavyoeleweka. Ushahidi kwamba una nguvu upo. Katika wimbi la joto la Chicago la Julai 1995, lililoua watu zaidi ya 700, mwanasosholojia Eric Klinenberg alivilinganisha vitongoji viwili vilivyopakana, vyenye wazee maskini wanaoishi peke yao kwa kiwango kinachokaribiana. Katika North Lawndale vifo vilifikia takriban 40 kwa kila watu 100,000. Katika South Lawndale havikufika hata vinne. Maelezo yake yalikuwa kwamba katika kitongoji cha pili kulikuwa na maduka, watu barabarani na sababu ya mzee kutoka nje, ilhali cha kwanza kilikuwa kimehamwa na wazee walijifungia kwa hofu. Wapo waliompinga kuhusu sababu, lakini pengo hilo halielezeki kwa umaskini peke yake.

Kwetu tungesema hilo tunalijua. Tunazikana, tunachangiana, tuna vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Hapa ndipo inapobidi kwenda taratibu. Kikoba cha wanawake 30 hufanya kazi kwa sababu shida huja kwa zamu: leo mtoto wa fulani amelazwa, mwezi ujao paa la mwingine limeezuliwa, na wasioguswa humwinua aliyeguswa. Mafuriko hayafuati zamu. Yanawapiga wanachama wote 30 usiku mmoja, wote wanahitaji mkopo kesho yake, na hakuna wa kurejesha. Sanduku lililokuwa kinga likageuka sababu ya ugomvi. Kwa hiyo kuhesabu vikundi katika mtaa, kama madodoso mengi yanavyofanya, kunaweza kutupotosha kabisa. La kuuliza ni kama wanachama wanaishi wote bonde moja, kama kikundi kina akaunti nje ya sanduku, kama kuna ndugu Mbeya au Muscat anayeweza kutuma fedha kwa simu siku ile ile, na kama mwenyekiti wa mtaa akipiga simu halmashauri inapokelewa. Mahusiano ya ndani huokoa roho saa ya kwanza. Ya nje ndiyo yanayorudisha mtaji mwezi wa pili.

Kumbukumbu ya jamii nayo ina mpaka wa namna hiyo. Katika Bonde la Msimbazi wakazi wanajua maji yalifika dirishani mwaka gani, na mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya Dar es Salaam katika ramani huru ya mtandaoni, ulinufaika sana na ujuzi huo: mitaro, vichochoro na alama za maji zisizokuwa kwenye ramani yoyote ya serikali zilipatikana kwa kumwuliza mtu anayeishi pale. Lakini Desemba 3, 2023, kipande cha Mlima Hanang' kilipomeguka na tope, mawe na magogo kushuka hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80, wakazi hawakuwa na kumbukumbu ya kuwaonya. Kwa janga la kila mwaka, muulize mzee. Kwa janga la nadra, unamhitaji mtu wa kupima mteremko.

Sasa, kuimarisha. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Serikali na Hilali Nyekundu wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea wenye bendera, vipaza sauti na redio. Hata hivyo mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua takriban watu 138,000, ingawa tahadhari ilikuwa imetolewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume: wengi walibaki nyumbani na watoto wakingoja ruhusa ya mume, na makazi ya dharura yaliyojaa wanaume bila sehemu ya faragha hayakuwa mahali pa kwenda. Baadaye makazi yaliongezwa na kubadilishwa, na leo karibu nusu ya watu wa kujitolea wapatao 76,000 ni wanawake wanaoweza kubisha hodi na kuzungumza na mwanamke mwenzao mlangoni. Kimbunga Amphan cha mwaka 2020 kiliua Bangladesh watu wasiofika 50. Hesabu ya makazi ya dharura peke yake isingelionyesha tatizo la 1991. Lilionekana pale walipoulizwa walionusurika kwa nini hawakuondoka.

Mfano wa pili ni wa kwetu na hauna mwisho mzuri kama huo. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua kubwa ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali ikawahamishia sehemu ya waathirika Mabwepande, kaskazini mwa jiji, ikawapa viwanja. Kwa kiashiria cha kukaa katika eneo la hatari, kaya hizo zilifaulu siku moja. Ila aliyekuwa akiuza samaki au kubeba mizigo Kariakoo kwa kutembea dakika chache alijikuta akihitaji nauli ambayo faida ya siku haikuimudu, na baadhi yao walirudi bondeni. Hawakurudi kwa ukaidi. Walilinganisha hatari ya siku chache za masika na hatari ya njaa ya mwaka mzima, na hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko ya jedwali.

Upo pia mfano wa kipimo kinachofanya kazi kwa kuwa kimefungwa na uamuzi tangu mwanzo. Katika kaunti kame za kaskazini mwa Kenya, kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, picha za setilaiti hupima hali ya uoto, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kabla, kaya za ziada huingizwa katika malipo ya fedha taslimu kupitia akaunti zilizokwisha funguliwa. Uoto si njaa, na kuna wanaokosewa na setilaiti. Lakini fedha hutoka kabla mfugaji hajauza mbuzi wa mwisho kwa bei ya kutupa, na hakuna kikao kinachongojewa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inayoweka kamati kutoka taifa hadi kijiji. Kinachokosekana mara nyingi ni kiwango kama hicho, kinachosema maji yakifika alama hii, fedha hizi zinatoka na mtu huyu anawajibika.

Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa wa takriban dola milioni 260, unaogharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, pamoja na michango ya Hispania na Uholanzi. Mpango wake ni kuchimba mto, kupanga upya kingo, kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani, kuhamisha kaya kwa fidia na kujenga daraja jipya lililoinuka Jangwani. Daraja hilo likikamilika, pembetatu ya barabara itapungua mara moja na abiria wa mwendokasi wataacha kuulizana asubuhi kama panapitika. Kuhusu kaya zilizohama kinahitajika kipimo kingine kabisa: watu wa kuzifuata huko ziliko mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano, kuuliza mama lishe anapikia wapi sasa, nauli ni kiasi gani, watoto wanasoma shule gani, na kama yupo ndugu aliyerudi kupanga chumba karibu na mto.